Mashini ya Mama Haiuzwi

Namna ya kushona koti ya mvua na mfuko wa safari nyumbani, pamoja na habari ya jamaa moja ya Alunguli



Ukisimama asubuhi kwenye kivuko cha Alunguli, ng'ambo ya kuume ya mto Lualaba, utaona watu wa kinga wakifika mmoja mmoja. Wengine wanatoka njia ya Kalima, wengine njia ya Kailo. Kutoka Kalima mpaka hapa ni karibu kilomita 100, na kinga iliyobeba mchele, mafuta ya mawese na vitu vya watu haipandwi: inasukumwa. Mtu anafunga fimbo moja kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, anainama, anasukuma. Mvua ikimkuta katikati ya pori, hana pa kuikimbilia. Atasukuma tu.

Wengi hujifunga kipande cha plastiki shingoni kwa kamba. Upepo ukija, plastiki inapanda juu kama bendera, na maji yanaingia mgongoni. Tena si mwili peke yake unaolowa. Unga wa mihogo ukilowa, faida ya safari imekwisha. Chumvi ikilowa, inayeyuka na kwenda zake. Mtu amesukuma siku nne kwa bure, na deni la mwenye mali linamngoja ng'ambo.

Mwezi huu tumekwenda kumuona mama mmoja wa Alunguli anayewashonea watu hao makoti ya mvua na mifuko ya mgongoni. Hakutaka jina lake liandikwe. "Andikeni kazi," alituambia, "jina muache." Basi sisi tutamwita mama fundi.

MASHINI INAYOLALA

Mama fundi alijifunza kushona akiwa msichana, kwa masista, katika fuaye. Wakubwa wetu wanajua fuaye ni nini: ni nyumba ya kufundishia wanawake iliyoanza wakati wa Wabelgiji, mahali pa kujifunza kupika, kutunza mtoto, kukata na kushona. Serikali zimebadilika, jina la inchi limebadilika, lakini masomo ya kukata na kushona hayakukufa. Mpaka leo parokia nyingi zina chumba chenye mashini tatu au nne na wasichana wanaopiga pedali.

Alipoolewa alikuja na mashini yake ya miguu, mali ya mama yake. Alishona sare za watoto wa shule na nguo za sikukuu. Lakini sare zinashonwa mwezi mmoja wa mwaka, na sikukuu ni Noeli na Pasaka. Miezi mingine mashini ilifunikwa kitambaa kama meza, na juu yake redio.

Siku moja mume wake, aliyekuwa amekosa kazi, alirudi nyumbani na neno.

"Mama watoto, hii mashini iko inalala tu. Tuiuzishe. Na ile franga niingie na benzangu mu shimo kule Kailo. Kasiteriti ikitoka, nitakununulia mashini mbili."

Mama fundi anasema usiku ule hakulala. Si kwa sababu mume wake alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye watoto wanne na mifuko mitupu, na kule Kailo kweli kuna watu waliotoa kitu. Lakini kuna wengi zaidi waliotoa jasho peke yake, na hao hawarudi kusimulia sokoni.

Asubuhi akamjibu kwa upole: "Baba watoto, unipe mwezi moja. Mwezi ikiisha na hakuna kitu, miye mwenyewe nitaipeleka ku soko."

Mume akakubali. Ndivyo kazi ilivyoanza.

WAKUBWA WETU WALIVAA NINI?

Mbele ya kueleza koti, tukumbuke kidogo. Maniema haikungoja mtu wa kuifundisha kitambaa. Wazee walifuma nguo kwa nyuzi za rafia, na porini walipiga gamba la mti mpaka likawa laini kama nguo. Mzigo ulibebwa katika kikapu cha mgongoni chenye mkanda unaopita kwenye paji la uso. Mama zetu wanaotoka shambani bado wanabeba hivyo.

Kisha wakaja wafanya biashara wa pwani. Nyangwe na Kasongo, miji yetu, ilikuwa vituo vyao vikubwa. David Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871. Katika njia ile ndefu ya kutoka Zanzibar, kitambaa kilikuwa franga. Kile cheupe kigumu kiliitwa merikani, kwa sababu kilifumwa Marekani. Kitambaa kilikuwa kinanunua chakula, kinanunua pembe, na kwa huzuni yetu kilinunua hata watu.

Na koti ya mvua yenyewe? Mwaka 1823, Charles Macintosh wa Scotland alipata hati kwa kazi ya kubandika vitambaa viwili kwa mpira ulioyeyushwa, ili maji yasipite. Baadaye, wakati wa Leopold II, Ulaya ilitaka mpira mwingi, na babu zetu walilazimishwa kuukata katika pori. Walinyeshewa wao wakitafuta kitu ambacho wengine waliwekea makoti yao na magurudumu yao. Wengi walikufa. Ni vizuri mtoto wa Maniema ajue jambo hilo anapovaa koti aliyoishona mwenyewe.

Halafu zikaja kampuni za madini. Kalima ilikuwa mji wa Symétain. Mwaka 1976 kampuni kadhaa ziliunganishwa, ikazaliwa SOMINKI. Mfanyakazi wa kampuni alijua mlango wa kuuliza akikosa kitu cha kazi. Lakini bei ya kasiteriti ilianguka duniani mwaka 1985, kampuni ikadhoofika, na mwaka 1997 SOMINKI ikafika mwisho. Tangu pale mchimbaji ni wa mkono wake. Hakuna anayemvika. Anajivika mwenyewe, ao anakwenda hivyo hivyo.

KOTI YA KWANZA ILIVUJA

Mama fundi alinunua bashi moja, lile turubai la plastiki iliyofumwa, akakata, akashona koti ya kwanza kama anavyoshona blauzi: kipande cha mbele, kipande cha nyuma, mshono kwenye mabega. Ilikuwa nzuri kuangalia. Mtu wa kinga mmoja akainunua. Kisha siku tano akarudi, uso umekunjwa.

"Mama, koti yako inavuja ku mabega. Nimelowa kuliko ule asiyevaa kitu!"

"Hasira ilinipanda," mama fundi alisema huku akicheka. "Kisha nikamwambia: keti, papa, tuangalie pamoja." Wakaimwagia maji koti ile uani. Maji yaliingia katika matundu ya sindano, tundu kwa tundu, pale pale mabegani ambapo mvua inapiga kwa nguvu. Akamrudishia mtu yule franga zake, na koti akabaki nayo ya kujifunzia.

Hapo alipata fundisho la kwanza la kazi hii, nasi tunaliandika kwa herufi kubwa: PALE MVUA INAPOPIGA, USIWEKE MSHONO. Blauzi inashonwa ili ikae vizuri kwenye mwili. Koti ya mvua inajengwa kama nyumba: jani la juu linafunika la chini, na maji yanateremka bila kupata mlango.

NAMNA YA KUKATA

Koti hii haina mikono. Ni kipande kimoja kinachovaliwa kwa kichwa, pamoja na kofia yake. Mtu anayesukuma kinga anataka mikono iwe huru, na nyuma iwe ndefu kuliko mbele ili ifunike mzigo wa mgongoni.

Kwa mtu mkubwa, kata kipande cha mita 2.50 urefu na mita 1.40 upana. Ukikikunja, mbele inabaki mita 1.10 na nyuma mita 1.40. Mkunjo unakaa mabegani. Hakuna mshono pale.

Kama bashi yako ni ya mita 4 kwa 5, usiikate haraka. Mara ya kwanza mama fundi alilalisha vipande vyote upande mmoja, akapata makoti 4. Siku nyingine mtoto wake wa shule alichora hesabu ile kwenye mchanga, na wakapata 5. Angalieni:

Gawanya upande wa mita 4 kuwa njia mbili, moja ya mita 2.50 na nyingine ya mita 1.40. Zote pamoja ni mita 3.90, sentimita 10 zinabaki. Katika njia pana, vipande vinalala kwa kukingama. Kila kimoja kinakula mita 1.40 ya ule urefu wa mita 5, kwa hiyo vinaingia 3, na jumla ni mita 4.20. Katika njia nyembamba, vipande vinasimama kwa urefu: 2 vinakula mita 5 sawasawa. Tatu na mbili ni tano.

Mwisho wa njia pana kunabaki kipande cha sentimita 80 kwa mita 2.50. Hicho ni cha kofia. Kila kofia inataka kipande kimoja cha sentimita 80 kwa 35. Ukikikunja katikati, mkunjo unakaa juu ya kichwa, na mshono mmoja tu unateremka kisogoni. Kofia 5 zinakula mita 1.75, kinachobaki ni cha kamba na viraka. Lakini pima bashi yako kwanza, kwa maana nyingine ni fupi kuliko muuzaji anavyosema.

Tundu la shingo likatwe kwenye mkunjo, upana sentimita 20 hivi, likielekea mbele zaidi kuliko nyuma. Anza na dogo. Tundu dogo unaweza kulipanua, lakini kubwa halirudi.

NAMNA YA KUSHONA

Sindano. Tumia sindano nene ya mashini, namba 100 ao 110. Ile nyembamba ya nguo za kawaida inavunjika.

Uzi. Chagua uzi wa poliesta ao wa nailoni. Uzi wa pamba unaoza ukilowa kila siku. Upitishe uzi kwenye nta ya nyuki ao mshumaa ili uteleze na kuziba tundu kidogo.

Hatua za sindano. Ziwe ndefu, karibu milimita 4. Mtu hufikiri hatua fupi ni nguvu. Kwa plastiki ni kinyume: matundu yakikaribiana, bashi inachanika pale pale kama tembre ya posta.

Kushikilia. Usitumie pini, kwa maana kila pini inaacha tundu lisilofunga. Tumia vibano vya kuanikia nguo.

Kuunganisha kofia. Ukingo wa chini wa kofia ukae nje, juu ya koti, kama jani la juu la nyumba. Pitisha mistari miwili ya uzi, sentimita 1 katikati yake. Mbele kofia ipitane kidogo chini ya kidevu.

Pande mbili. Usizifunge kwa mshono. Weka kamba mbili kila upande ili mtu afunge ao afungue. Plastiki haipumui. Mtu anayesukuma mlimani anatoka jasho, na asipopata hewa atalowa kutoka ndani.

Kuziba mshono. Gundi ile ya viraka vya kinga haishiki vizuri kwenye bashi, itabanduka. Afazali sugua nta ya nyuki juu ya mshono, nje na ndani, kisha uilainishe kwa kidole chenye joto la jua. Rudia kila baada ya majuma machache. Pasi ya makala isiguse bashi hata kidogo: itayeyuka na pasi itaharibika.

MFUKO WA MGONGONI

Mfuko mzuri unaweza kutoka katika suruali mbili za jini zilizochakaa magotini, kwa maana nyuma ya mapaja kitambaa bado ni kizima. Ao katika magunia mawili ya plastiki iliyofumwa, moja ndani ya jingine. Kata ncha za gunia na uzipitishe karibu na moto wa mshumaa, haraka, ili nyuzi zisifumuke.

Mambo matatu yanaua mfuko.

La kwanza ni mkanda mwembamba. Mkanda usiwe chini ya sentimita 5 upana, la sivyo utakata bega. Mikanda ya viti vya magari yaliyokufa ni mizuri sana.

La pili ni mkanda ulioshonwa kwenye kitambaa kimoja tu. Weka kiraka kigumu kwa ndani, kisha shona mraba, na katikati ya mraba shona msalaba. Hapo mzigo unashikwa na eneo lote, si na mstari mmoja.

La tatu ni sakafu ya mfuko. Wachimbaji wanaijua shida hii. Kasiteriti ni nzito kupita kiasi: jiwe safi la ukubwa wa lita moja linafika karibu kilo 7, wakati lita moja ya maji ni kilo moja. Mfuko unaoonekana mdogo unabeba uzito wa mtu. Kwa hiyo sakafu iwe ya vitambaa viwili, na isiwe na mshono katikati. Kitambaa kiteremke mbele, kipite chini, kipande nyuma kikiwa kipande kimoja, na mishono ibaki pembeni.

Ukitaka mfuko wa jini usilowe haraka, yeyusha nta ya nyuki pamoja na mshumaa, nusu kwa nusu, katika kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. USIWEKE KOPO JUU YA MOTO WENYEWE, nta inashika moto kama mafuta. Paka kwa brosi, weka karatasi juu, pitisha pasi ya makala yenye joto la kiasi mpaka nta iingie katika kitambaa. Kwa vitabu vya mtoto wa shule, ongeza mfuko wa plastiki ndani. Mama fundi anafanya hivyo kwa watoto wake wote.

Mpira wa ndani wa gurudumu la gari, ukikatwa na kushonewa mikanda miwili, unakuwa kinga ya magoti kwa mtu anayechimba akipiga magoti. Lakini tusidanganyane: kitambaa puani hakizuii vumbi laini la jiwe linaloharibu mapafu. Usimshonee mtu kitu kama hicho ukimwambia atapona.

ANGALISHO

Moto. Koti ya plastiki ni adui wa moto. Ukifika kambini umelowa, vua kwanza, kisha ukaribie moto. Plastiki ikiyeyuka inashika kwenye ngozi.

Jua. Jua linakula bashi. Mbele ya kununua ya zamani, ikunje na uikwaruze. Ikipasuka ao ikatoa unga mweupe, iache. Koti ikaushwe kivulini.

Bashi ya wakimbizi. Mara nyingine mtu atakuletea bashi ya bei rahisi sana. Uliza imetoka wapi. Kama ni ile iliyopewa jamaa iliyokimbia vita ili iwe nyumba yao, ujue unanunua paa la mtu mwingine. Mama fundi alirudisha moja ya namna hiyo. "Nitashonea mutu koti, na watoto ya mwenzake banyeshewe?" aliuliza.

Homa. Wengi husema mvua inaleta malaria. Hapana. Malaria inaletwa na mbu, na koti haichukui nafasi ya chandarua. Lakini mtu aliyelowa siku nzima, aliyechoka na mwenye njaa, mwili wake unapoteza joto na nguvu hata katika inchi yetu ya joto. Nguo kavu ndani ya mfuko usiolowa ni dawa kubwa ya usiku.

SHERIA INASEMA NINI?

Wasomaji wengine watauliza: mashini ilikuwa ya nani? Na mke alikuwa na haki ya kukataa?

Kanuni ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya sheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliibadilisha: sasa mume na mke wanapashwa kupatana katika mambo yanayowafunga. Si mmoja kutoa ruhusa na mwingine kungoja. Lakini sisi katika jamaa za Kikristo hatungoji hakimu. Mume anayeuza chombo cha kazi cha mke wake bila neno lake ameuza zaidi ya chuma. Na mke anayeficha faida yake ili mume asiijue, yeye pia ameanza kubomoa nyumba kwa upande wa nyuma.

MWEZI ULIPOKWISHA

Tulimuuliza mama fundi: mwezi ulikwishaje?

Kutoka bashi ile ya pili alipata makoti 5. Aliuza 4. Faida ilirudisha bei ya bashi, ikanunua nyingine, na ikalipa shule ya mtoto mmoja. Si ya wote wanne. Mtoto mmoja. Alihesabu franga mbele ya mume wake, mezani, akaweka redio chini kwa sababu mashini ilikuwa inatumika.

Koti ya tano hakuiuza. Alimpa mume wake, pamoja na mfuko wa jini wenye sakafu mbili. Kwa maana mume hakuacha neno lake la Kailo. "Nilijua atakwenda," mama alisema. "Nikasema, kama anakwenda, aende mukavu."

Alikwenda bila franga za mashini, kwa hiyo hakuingia kama mwenye sehemu ya shimo. Aliingia kama mbebaji. Majuma sita baadaye mvua kubwa ilijaza shimo maji. Wale waliokuwa wameuza vyombo vyao vya nyumbani ili kununua sehemu walikaa ukingoni, wakingoja maji yapungue, huku deni linapanda. Yeye alirudi na faida ndogo, lakini bila deni la mtu.

Tulimkuta nyumbani. Ni mtu wa maneno machache. Alikuwa uani na chaki, akipima bashi. Tulimuuliza kama ameacha madini. Alitikisa kichwa.

"Sijaacha, baba. Kiangazi ikifika nitarudia. Lakini mashini haiko tena mu mazungumzo."

Mama fundi, aliyekuwa ndani, akaita: "Andikeni ile!"

Tumeiandika.

Wapendwa, Mtume Paulo alikuwa fundi wa hema. Kule Korinto alikaa kwa Akila na Priskila kwa sababu walikuwa wa kazi moja, mume na mke wakishona pamoja, naye akafanya kazi nao (Matendo 18). Na hema ni nini, kama si koti ya mvua ya jamaa nzima? Tena Dorkasi wa Yopa alipokufa, wajane hawakumwonyesha Petro dhahabu. Walimwonyesha nguo alizowashonea (Matendo 9). Katika inchi yetu iliyojaa madini, tunaangalia sana kile kilicho chini ya udongo. Kuna utajiri mwingine unaokaa pembeni ya chumba, umefunikwa kitambaa, na redio juu yake.

KWA MAZUNGUMZO YA JAMAA

1. Ni chombo gani cha kazi kilicho nyumbani mwetu na kinalala? Ni nani anayejua kukitumia?

2. Mbele ya kuuza kitu cha nyumba, tunakaa pamoja na kuhesabu, ao mmoja wetu anaamua?

3. Mama fundi aliomba mwezi mmoja. Mume alikubali. Sisi tunapewa na tunatoa muda wa kujaribu?

4. Mtoto wa shule ndiye aliyepata koti ya tano. Je, tunawaita watoto wetu katika hesabu za nyumba?